Tunahama Tabata kwenda Dodoma wiki ijayo, vitu vya chumbani na bafuni ndivyo vinanitia hofu, naombeni uzoefu wenu

Mama Mapacha

Habari za jioni wapendwa. Naombeni mawazo yenu kwa moyo mmoja maana nimebakiwa na siku tisa tu. Mume wangu ni mtumishi na uhamisho wake umetoka, tumeshapata nyumba Ilazo Dodoma, Canter imeshakubaliwa na tunatakiwa tuondoke Tabata Jumamosi alfajiri. Jikoni sina wasiwasi, mama mkwe ameshafunga sahani na glasi zote zimelala ndani ya ndoo. Kinachoninyima usingizi ni chumbani na bafuni.

Niwaambie kwa nini. 2019 tulitoka Ukonga kuja Tabata, mwendo wa karibu tu, nikasema hapa si safari, nikawaachia vijana wa kupakia wafunge. Yule aliyeingia bafuni alikomba kila alichokikuta, sabuni, Jik, brashi ya choo, mafuta ya watoto, akavitupia vyote kwenye shangazi kaja moja ambalo chini yake nilikuwa nimeweka nguo za sandukuni. Kifuniko cha Jik kikalegea njiani. Mle ndani kulikuwa na doti mbili za kanga za marehemu mama yangu, alizonipa kwa mkono wake nilipojifungua mapacha. Doti moja ilipona. Ile nyingine nilipoikunjua nilikuta doa jeupe la ukubwa wa sahani katikati ya mji wa kanga, na lile jina chini limelika nusu nzima halisomeki, kitambaa kimekuwa laini kama karatasi iliyoloa, ukivuta kidogo kinachanika. Nilikaa chini sakafuni nikalia na wale vijana wanaendelea kushusha makochi.

Na usiku huo huo neti haikuonekana iko mfuko gani, watoto waliumwa na mbu mpaka asubuhi, na tulioga kwa kikombe cha chai maana kopo na ndoo vilikuwa chini ya kila kitu.

Sasa hivi nina kitanda cha mninga 6 kwa 6, godoro la inchi 8, dresingi tebo yenye kioo kirefu, kabati la milango mitatu, showa ya umeme ambayo niliinunua mwenyewe (mwenye nyumba anajua), na mama mkwe anachoma insulini. Halafu kuna jambo linanipa aibu kulisema ila nalisema, nyumba ya pili kutoka kwetu wana kunguni na sina hakika kama kwetu hawajaingia. Nianzie wapi? Kipi kifungwe kwanza na kipi mwisho?

Bint Pangani

Pole sana mama, hiyo ya kanga za mama imenigusa kweli kweli. Mimi nimehama mara sita kwa sababu ya kazi ya mume kwa hiyo nikwambie ninavyofanya.

Kanga zile za mama usizifunge na chochote. Zikunje, zizungushie shuka safi, weka kwenye mkoba wako wa mkononi unaokaa nao wewe kwenye basi au treni. Hazipandi Canter kabisa. Humo humo weka vyeti vya watoto, kadi za kliniki, kadi za bima, vitambulisho, dhahabu kama unayo. Huo mkoba asiubebe mtu mwingine hata akikuonea huruma.

Bafuni sasa. Kwanza kabisa leo hii hii ingia bafuni utoe vitu vinavyokaribia kuisha, chupa yenye shampuu ya kuoshea mara mbili itumieni iishe, usisafirishe kidogo kidogo. Kinachobaki, fungua kifuniko, weka kipande cha nailoni juu ya mdomo wa chupa, kisha rudisha kifuniko ukaze juu ya ile nailoni. Hapo hata ikilala haivuji. Chupa za pampu zile za losheni pampu inazungushwa mpaka inajifunga chini, kama yako haijifungi itoe uweke kifuniko cha kawaida. Halafu chupa zote zisimame wima ndani ya ndoo, siyo mfuko, NDOO, na katikati shindilia vile vitaulo vya mikono na soksi zisicheze. Ndoo hata kikimwagika kitu kinabaki humo humo. Magazeti usifungie nguo nyeupe wala taulo, wino unahama na ukishika kitambaa cheupe kuutoa ni kazi. Taulo na kanga za kushindia ndizo pamba zako, unazo tayari huna haja ya kununua kitu.

Nguo za kabatini zilizo kwenye henga usizitoe, shika kumi kumi, zivishe shuka kutokea chini, funga vichwa vya henga kwa kamba. Ukifika unatundika unafungua shuka basi. Nguo za ndani funga mwenyewe usiku watu wamelala, haipendezi vijana wa mtaani wazishike.

Marashi na chupa za kioo, kila chupa ndani ya soksi moja.

Seremala wa Keko

Dada kwa upande wa kitanda naomba uniamini, hii ndiyo kazi yangu miaka mingi na vitanda vingi ninavyoletewa kutengeneza havikuvunjika kwa kulaliwa, vimevunjika kwa kuhamishwa.

Usikubali mtu akwambie kitanda kinapita mlangoni kikiwa kizima. 6 kwa 6 kifunguliwe chote. Kabla hamjafungua kamata chaki, kila mahali mbao mbili zinapokutana andika namba moja pande zote mbili, 1 kwa 1, 2 kwa 2, kwa sababu matundu ya boliti yanafanana kwa macho lakini fundi alitoboa kila kona kivyake na ukichanganya kitanda kitalia usiku kucha. Piga na picha kwa simu. Boliti na nati zote zitie ndani ya soksi nzito, ikaze na uifunge kwenye ule ubao wa kichwani, na spana yake weka humo humo. Wengi wanaweka mfukoni mwa suruali halafu usiku wa manane wanatafuta duka la hadiwea.

Chaga zifunge pamoja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ule wanaotumia bodaboda, mpira unabana bila kukwaruza mninga. Kamba ya manila inakata polishi hasa gari likiwa linatikisika njia nzima hiyo ya Chalinze na Morogoro.

Kioo cha dresingi tebo kitoe, kina skrubu nyuma. Kipige msalaba wa selotepu upande wa mbele, kikipasuka vipande visitawanyike, kisha kivike blanketi na kisafiri KIMESIMAMA kati ya godoro na ubao wa kitanda. Ukikilaza tu mtu ataweka kitu juu yake, hata ukiandika kwa herufi kubwa kiasi gani. Droo toa nguo zote, ni uzito huo unaoharibu reli. Milango ya kabati ifunge na blanketi isijifungue njiani, na kama kabati ni la zile mbao za kubandika na siyo mbao halisi basi usilifungue mara nyingi, skrubu zake zikitoka mara mbili tatu hazishiki tena, afadhali libebwe zima na watu wanne.

Kunguni sasa usione aibu. Wakati kitanda kimefunguliwa ndiyo nafasi yako. Angalia kwenye matundu ya boliti na pale chaga zinapolalia, ukiona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu vimejipanga, wapo. Ukikuta hivyo niambie hapa hapa.

Mtaa wa Saba

Mimi nilihama nao kutoka Mbagala kwenda Goba kwa kutokujua, ikanigharimu mwaka. Watu watakwambia fungia godoro kwenye nailoni wiki mbili watakufa njaa, SIYO KWELI, kunguni anakaa miezi bila kula. Kinachomuua ni joto. Mashuka, foronya, pazia, neti, vyote vinavyovumilia maji ya moto vifuliwe na maji ya moto haswa, nyuzi 60 na kuendelea, vikikauka vipigwe pasi kwenye mishono, na vikitoka hapo viingie moja kwa moja kwenye mfuko msafi uliofungwa, visirudi kwenye kile kitanda. Mbao zimwagiwe maji yanayochemka kwenye matundu na viungo, zianikwe. Mafuta ya taa usitumie jamani, mtu anapaka kitanda mafuta ya taa halafu kinalala ndani ya nyumba yenye mshumaa na watoto. Godoro likague mishono yote pande mbili kwa tochi. Na Canter yenyewe ikija ifagie kwanza, jana yake ilibeba vitu vya mtu mwingine.

Nesi wa zamani

Binti yangu, nimesoma habari yako yote. Nina mambo mawili na yote ni ya uzito.

La kwanza, insulini ya mama mkwe. Watu wengi siku ya kuhama wanazima friji tangu usiku ili ikauke na wanasahau dawa iko mlangoni mwa friji. Ile chupa au kalamu ambayo ameshaifungua na anaitumia inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, mradi joto lisipite nyuzi 30, soma karatasi ya ndani ya boksi maana zinatofautiana kidogo. Ambazo hazijafunguliwa ndizo za kukaa baridini, nyuzi 2 mpaka 8. Kwa safari tumia lile boksi la baridi la kubebea vinywaji, barafu ifungwe kwenye kitambaa kinene na dawa isigusane na barafu hata kidogo, kwa sababu insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na ikaonekana iko sawa isitumike. Isikae kwenye dashibodi ya gari wala nyuma ya Canter. Mama asafiri nayo mkononi, pamoja na kipimo chake cha sukari, vipimio, sindano za siku tatu, na kitu cha kula cha haraka akishukiwa na sukari, juisi au hata sukari ya kawaida kwenye kikopo. Mkifika friji isiwashwe papo hapo, iache isimame saa kadhaa, kwa hiyo ule muda hakikisheni boksi bado lina baridi. Kwa dharura chungu cha maji chenye kitambaa kibichi kikiwa kivulini nacho kinasaidia kupunguza joto.

La pili, wewe ulilia kwa ajili ya kanga, na ninakuelewa, lakini nikwambie ilikuwa inaweza kuwa mbaya zaidi. Jik na ile dawa ya kusafishia choo yenye asidi zikimwagikiana zinatoa gesi ya klorini. Ndani ya gari lililofunikwa, au kwenye buti ya gari dogo ambalo watoto wamekaa viti vya nyuma, hiyo gesi inachoma macho na mapafu. Kwa hiyo hizo mbili zisiwe kwenye ndoo moja na zile shampuu alizosema Bint Pangani, na zenyewe zisiwe pamoja. Ushauri wangu ni usizisafirishe kabisa. Ziko madukani Dodoma. Siku ya mwisho tumia zilizobaki kusafishia choo unachokiacha, moja kwanza, suuza kwa maji mengi sana, ndipo utumie nyingine, au mpe jirani.

Dereva wa Canter

Naunga mkono nesi, na ongeza hapo spreyi ya mbu, spreyi ya nywele, mafuta ya taa na spiriti. Makopo ya spreyi yenyewe yameandikwa yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50, na chini ya turubai jeusi mchana wa Gairo hapo ni kama oveni. Mimi nikiyakuta nayashusha.

Mama Mapacha nisikilize mpangilio. Kinachoingia kwanza ndicho kinatoka mwisho. Kwa hiyo chumba cha kulala kinafungwa mwisho na kinapakiwa mwisho ili kishuke kwanza. Mtafika Dodoma jioni watu wamechoka, mkishusha makochi kwanza mtayaona makochi usiku kucha na hamna pa kulala. Waambie vijana wako kitanda kikae mlangoni mwa gari.

Godoro watu wanapenda kulitandaza juu ya mzigo kama kifuniko, matokeo yake linakula vumbi lote na mvua ikinyesha Morogoro linakunywa maji, godoro la inchi 8 likinywa maji wiki nzima halikauki katikati. Lirudishe kwenye nailoni yake au livishe mashuka mawili ya zamani ushone kwa sindano kubwa, lisimame kwa ubavu pembeni ya bodi, na lisifungwe kamba katikati likabanwa, linabaki na kiuno. La spring halikunjwi hata mara moja.

Turubai ulione kwa macho yako kabla ya Jumamosi. Siyo aseme lipo, ulione limetandazwa, utazame matundu.

Mama Mapacha

Jamani nimesoma huku natokwa na machozi, asanteni. Nesi kwa kweli dawa ilikuwa mlangoni mwa friji, hapo hapo ulipotaja. Na ile dawa ya choo na Jik zilikuwa zimesimama pamoja kwenye beseni tayari kwa safari. Seremala, nimefungua kitanda jana na mume wangu, nimekagua matundu yote kwa tochi, hakuna vidoa, ila nimechemsha maji nikamwagia hivyo hivyo na mashuka nimefua kwa maji ya moto.

Nibakie na swali la showa ya umeme. Mume anasema aitoe mwenyewe.

Seremala wa Keko

Asitoe mwenyewe. Aite fundi umeme, izimwe kwenye meni switchi siyo ile swichi ya bafuni pekee, nyaya zikishatoka zifunikwe vizuri na tepu na ziingizwe kwenye boksi lake, na pale juu kifungwe kichwa cha showa cha kawaida maji yasimwagike. Bafu lina maji na nyaya zikiachwa zinaning'inia mpangaji anayekuja ana watoto pia. Maji yaliyobaki ndani ya showa yamwage kabla hujaifunga.

Bint Pangani

Na usisahau ndoo ya usiku wa kwanza! Ndoo moja yenye kifuniko, rangi tofauti na nyingine zote, ndani yake kopo, sabuni ya kuogea, miswaki, dawa ya meno, tishu, taulo mbili, ndala, kitasa cha akiba kama mlango wa bafu hauna, globu moja, tochi. Na begi moja la chumbani, mashuka mawili, mito ya watoto, neti, misumari minne, nyundo na kamba ya kufungia neti. Hivyo viwili vinakaa na dereva mbele. Mwenye nyumba mpya mwombe namba ya mita ya LUKU mnunue umeme mkiwa bado njiani, na umuulize maji yanatoka siku gani, kama ni siku za mgao mwombe jirani awajazie madumu mawili.

Mama Mapacha

Wapendwa nimerudi, leo ni siku ya tano tuko Ilazo. Nimeona nisiondoke bila kuwapa mrejesho.

Kitanda kilisimama saa mbili usiku, namba kwa namba, dakika ishirini, mume wangu hakuamini. Kioo kizima. Neti ilifungwa kabla hata chai haijachemka na mapacha walilala saa tatu. Maji hayakuwepo kweli siku hiyo lakini yule jirani, sijawahi kumwona maishani mwangu, alikuwa ameweka madumu matatu mlangoni, tukaoga wote kwa kopo letu wenyewe.

Vilivyoharibika ni viwili. Mlango mmoja wa kabati umetoka bawaba, ni lile la mbao za kubandika, vijana walibeba wawili badala ya wanne nikiwa nimeingia kumfunga mtoto viatu. Na chupa moja ya losheni ya pampu ilijifungua ikamwagika ndani ya ndoo, vitaulo vyote vililoa losheni, ila haikutoka nje ya ndoo, nimefua vimekuwa sawa.

Baridi ya huku asubuhi sikuitegemea, blanketi nililizungushia kioo nikalifungua usiku huo huo. Anayehamia Dodoma kati ya Juni na Agosti basi blanketi liwe kwenye lile begi la usiku wa kwanza, siyo mashuka tu.

Mama mkwe sukari yake asubuhi ya Jumapili ilikuwa sawa na ya nyumbani, nesi ubarikiwe sana.

Doti ya mama nilikuja nayo mapajani kwenye treni kutoka Dar mpaka hapa. Jana nimeitoa, nikaianika kivulini dakika chache ipate hewa, binti yangu mmoja akaniuliza hii ni ya nani, nikamkalisha nikamsomea jina lake lote.

Nesi wa zamani

Na ile yenye doa bado unayo?

Mama Mapacha

Ninayo. Ile nzima imelala juu, hii iko chini yake, nimezikunja pamoja.